Walii Mwenye Akili Timamu

Kwa miaka thelathini na mmoja nimefundisha, katika msikiti wetu mdogo wa mabati hapa Bariadi, kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Nimeifundisha hukumu hiyo kwa upole na kwa dalili, hata mzee mmoja wa Ipililo mwenye vidonda vya tumbo akatokwa na machozi ya faraja mbele ya darasa zima. Nilipougua mimi, nikagundua kwamba hukumu hiyo iliwekwa kwa ajili ya watu wengine.

Ugonjwa wangu hauna adabu. Haukai tumboni kama wa yule mzee wa Ipililo. Hukaa katika akili, na humo hupanda na kushuka. Ukipanda, mimi ni mshairi mkubwa kuliko wote waliozaliwa kati ya Maswa na ziwa. Ukishuka, mimi ni gunia lililosahauliwa ghalani. Muuguzi Justina, anayehudumia wagonjwa wa akili katika hospitali ya wilaya, anaujua kwa jina lake la kitabuni. Mke wangu Nyanjige huuita “safari zako”, kwa sababu kila ukipanda mimi huondoka nyumbani.

Safari ya mwisho ilinifikisha Nkoma. Ulikuwa msimu wa pili tangu wafanyabiashara binafsi waruhusiwe kununua pamba, na vituo vya kupimia vilikuwa vimechipuka kila njia panda. Wakulima walisema mizani za wanunuzi zinaiba. Wanunuzi walisema pamba ya wakulima imetiwa mchanga na maji. Pande zote mbili zilisema kweli, na mtu mwenye akili timamu angelijua hilo akanyamaza. Mimi nilikuwa na wiki mbili bila usingizi wa maana, chakula changu kikiwa tende na chai, na mkobani nimebeba utenzi wa beti mia sita na kumi na mbili nilioutunga katika siku hizo. Nikapanda baiskeli.

Nilipofika nilikwea juu ya lundo la pamba, nikawasomea wanunuzi maonyo ya Mola kwa wapunja vipimo. Wakulima wakashangilia, kina mama wakapiga vigelegele. Laiti ningeliteremka hapo, ningelikuwa shujaa wa upande wote ule wa Itilima hadi leo. Lakini mtu aliyepanda hateremki. Niliwageukia wakulima nao, nikaanza kuwataja kwa majina wale waliotia mchanga. Vigelegele vikakatika. Ndipo nilipotangaza kwamba nitaupima uongo wa mizani ile kwa mwili wangu mwenyewe, kwa kuwa tangu ujana uzito wangu ni kilo sitini kamili. Nikajitundika kwenye ndoano, kanzu ikipepea. Mshale ukasimama kwenye hamsini na mbili.

“Kilo nane!” nikapaza sauti. “Kilo nane zimeibwa mchana, mbele ya mashahidi!”

Karani wa mizani alikuwa kijana wa Maswa aitwaye Mihayo, Muislamu mwenzetu, mpole kupita kazi yake. Akasema, “Maalimu Masunga, teremka kwanza unywe maji.”

Nikamwita mwizi wa kilo na yatima wa adabu. Jioni alinipakia katika lori la pamba pamoja na baiskeli yangu, akanirudisha Bariadi hadi mlangoni. Asubuhi yake Justina alinipandisha kwenye mizani ya hospitali. Kilo hamsini na mbili. Ile mizani ya Nkoma ndiyo pekee mkoani humu ambayo naweza kuiapia kwamba haikuiba, na ndiyo niliyoitukana.

Baada ya kupanda kulikuja kushuka, kama ilivyo ada yake. Miezi miwili nililala nimeutazama ukuta. Sala zangu niliziswali kwa macho, na nyingine, Mungu anisamehe, sikuziswali kabisa. Ndipo Justina akanipeleka kwa daktari wa Mwanza, nikarudi na vidonge vyeupe vya lithiamu, ambavyo alinieleza kwamba asili yake ni madini yaliyo ndugu ya chumvi. Kufikia mavuno ya mahindi mabichi nilikuwa mtu tena. Mtu mzito kidogo, mwenye kiu isiyokatika, anayekwenda chooni kila baada ya ukurasa mmoja, na ambaye mikono yake hutetemeka hata herufi ya alifu, iliyo fimbo tupu, humtoka kama nyoka. Lakini mtu.

Mihayo alikuja kunijulia hali mara tatu. Mara ya nne hakuniuliza hali yangu. Aliuliza kama binti yangu Kabula yupo. Basi ndivyo nilivyompata mkwe, kwa kumtukana. Posa ilipokelewa, na ndoa ikapangwa kuwa siku kumi baada ya Idi.

Sasa, sheria ya ndoa niliijua kabla sijaota ndevu. Walii wa bibi harusi sharti awe na akili timamu. Akipungukiwa nayo, haki inahamia kwa anayemfuata, naye ni mdogo wangu Mashimba, muuza nyama, ambaye huisoma Fatiha kama anayekata mifupa.

Kabula alinijia nikiwa nimekaa barazani, akaendelea kusimama.

“Baba, mimi simtaki Baba Mdogo awe walii wangu. Nakutaka wewe. Lakini nakutaka wewe huyu, siyo yule wa Nkoma.”

“Yule wa Nkoma ndiye aliyekuletea mchumba,” nikasema.

“Najua. Ameshafanya kazi yake. Apumzike.”

Nikamwahidi. Ilikuwa Shaabani, na ahadi za Shaabani ni rahisi, kwa kuwa Ramadhani haijafika.

Justina naye aliniita kabla ya mwezi kuandama. Ni mwanamke wa Kikatoliki, mnene, asiyependa maneno marefu. Kwa hiyo nadhani mimi ni mtihani wake.

“Baba, mwezi huu hufungi.”

“Nitakula daku vizuri. Nitameza vidonge usiku.”

“Sikiliza. Dawa hii inataka maji mchana kutwa. Mwili ukikauka, figo zinaing’ang’ania isitoke. Ikijaa kwenye damu inageuka sumu. Dawa na sumu ni kitu kilekile, tofauti ni maji.”

“Na nikiiacha dawa kwa mwezi mmoja tu, nikafunga?”

“Huenda yasitokee mabaya. Huenda ukarudi Nkoma. Mimi siwezi kukuapia. Ninachojua ni kwamba vyote viwili pamoja haviwezekani. Chagua.”

“Kwa hiyo, Justina, dawa hii ni nzuri au ni mbaya?”

“Usiniulize hivyo. Niulize inazidi nini.”

Nilirudi nyumbani nikiitafakari hukumu. Daktari anayeaminika amenikataza. Ruhusa ipo, na si ruhusa tu, bali mwenye kuogopa maangamizi hulazimika kufungua. Ningeletewa swali hilo na mtu mwingine, ningemjibu kabla hajamaliza kuuliza. Lakini nilijiona nimekaa mbele ya safu, Maalimu Masunga, midomo imelowa maji saa saba mchana. Nikaona tena nyuso za wale wanaoamini kwamba ugonjwa wa akili ni upungufu wa imani, na wale wa vijijini wanaosema ni mizimu ya mababu niliyoiacha niliposilimu. Basi nikachagua kile kisichowezekana. Nikafunga, na vidonge nikavimeza usiku. Niliuita ucha Mungu. Jina lake halisi ni kiburi, nami nimelifundisha somo la kiburi vilevile kwa miaka thelathini na mmoja.

Siku tisa nilizivumilia. Jua la mwezi ule lilikuwa la kukausha mito, na mvua zilikuwa zimekatika huku pamba ikingoja palizi. Siku ya kumi mikono ilitetemeka hata nikashindwa kufunga vifungo vya kanzu. Nikaenda hivyohivyo kusalisha adhuhuri. Nilijua ninayumba, nilidhani hakuna anayeona. Nikasujudu mara tatu mahali pa mara mbili. Fatiha, ambayo kwa ajili yake nimemcheka mdogo wangu maisha yangu yote, ilinitoka kama uji. Nilipotoka nje niliukosa mlango kwanza, nikaupata mara ya pili.

Saa tisa hivi jirani yangu Deogratias akaja. Ni katekista, na tumekaa ua kwa ua miaka ishirini. Alishika kibuyu, na alitembea polepole kama aingiaye kwenye msiba.

“Mwadila, Maalimu,” akaniamkia kwa Kisukuma.

“Mwadila.”

“Nimekuletea maziwa ya mgando. Yanashusha.”

“Yanashusha nini?”

Akatazama huku na huku, akaketi karibu nami. “Sisi ni majirani. Sitakuhukumu. Hata Nuhu alizidiwa.”

“Nuhu alizidiwa na nini?”

“Na hicho kilichokuzidi wewe leo mchana. Mji mzima unasema, lakini wanasema kwa huruma.”

Nikaelewa. Mimi niliyeogopa kuonekana nikinywa maji, mji mzima ulikuwa umeniona nimelewa gongo, tena mwezi wa Ramadhani, tena mbele ya kibla. Nilitaka kumjibu kwamba katika dini yetu Nuhu hana habari hiyo, lakini ulimi ulikuwa mzito, na kila neno nililolitoa lilizidi kumthibitishia. Mwishowe nikatapika juu ya kandambili zake.

“Naona ulichanganya,” akasema kwa upole.

Nyanjige akatoka jikoni. “Huyu hajanywa, Baba Katekista. Hilo ndilo tatizo lake. Hajanywa kitu chochote, hata maji.”

Deogratias ni mtu wa vitendo. Alifunga ng’ombe wake wawili kwenye mkokoteni, wakanilaza juu ya mabua, na tukapita mbele ya msikiti wakati watu wakitawadha kwa alasiri. Nilijaribu kuinua mkono kuwaamkia. Nyanjige akaniambia niuteremshe.

Hospitalini Justina alinitundikia chupa ya maji ya mshipa. Damu yangu ilipelekwa Mwanza kwa basi. Vidonge vikasimamishwa hadi majibu yarudi na mwili utulie. Nilikaa siku nne kitandani, nikarudishwa nyumbani nikiwa na amri ya kunywa maji na kungoja.

Na hapa ndipo penye hatari ambayo hakuna aliyenionya, kwa kuwa ilikuja na sura nzuri. Wiki ya pili bila vidonge, mkono ulitulia. Niliandika alifu, ikasimama wima kama askari. Kiu ikaondoka. Asubuhi moja, nikichambua mchele barazani, ubeti ulinijia wenyewe, mizani na vina vimekamilika, bila kuitwa. Miezi mitano nilikuwa nikichimba beti kama achimbaye kisima kwenye mwamba. Nikalia kwa furaha, kisha nikasimama, kisha nikatembea ua mzima mara tatu.

Majibu ya Mwanza yalirudi. Justina akasema naweza kuanza tena kwa kipimo kidogo, iwapo nitakunywa maji mchana. Nilivibeba vidonge mfukoni siku mbili bila kuvimeza.

Siku ya tatu nikamwambia Nyanjige, “Harusi imebaki wiki mbili tu. Nimepona. Unaonaje nikikaa hivi mpaka harusi ipite?”

Hakubisha. Angelibisha, ningelimshinda kwa hoja, kwa kuwa hoja zilikuwa zinanijia kwa wingi usio wa kawaida. Aliingia ndani, akarudi na sanduku la bati, akaniwekea mapajani ule utenzi wa Nkoma.

“Soma.”

Tangu siku ile sikuwa nimeufungua. Nilikuwa nimeutunza moyoni kama kazi kubwa ambayo dawa ilinikata nisiikamilishe. Nikasoma ubeti wa kwanza:

Pamba nyeupe shambani
huvunwa na masikini
jasho lake mizanini
halionwi na mshale.

“Huu ni mzuri,” nikasema.

“Ni mzuri. Endelea.”

Beti kumi na moja za mwanzo ziliendelea hivyo. Sijawahi kutunga mfano wake, si kabla wala baada. Ubeti wa kumi na mbili ukaanza kunisifu mimi. Wa ishirini ukanisifu zaidi. Kufikia mia mbili na kumi mambo yalikuwa hivi:

Masunga ni mashuhuri
Masunga kama bahari
Masunga ndiye hodari
na Masunga ndiye yule.

Ubeti huo, msomaji, ulirudiwa mara thelathini na nane, mara moja kwa wino mwekundu. Baada ya mia nne, nambari ziliendelea hadi mia sita na kumi na mbili, lakini hapakuwa na beti tena, ila orodha ya majina ya watia mchanga, na picha ya ng’ombe.

“Wewe ulishausoma?” nikamuuliza.

“Wote. Nilikuwa nimekaa mlangoni kukuzuia usitoke. Nilikuwa na nafasi.”

Tukacheka, kwanza yeye, kisha mimi. Nilipokuwa bado nacheka, akasema, “Zile kumi na moja sitakudanganya. Hujatunga kama hizo tangu uanze dawa, na pengine hutatunga tena. Ziweke upande mmoja wa mizani, ni haki yako. Upande wa pili nitaweka mimi.”

“Weka.”

“Ulipokuwa umelala umeutazama ukuta, siku moja uliniita. Uliniambia niiondoe kamba ya ng’ombe iliyoning’inia pale, kwa sababu ilikuwa inakutazama. Unakumbuka?”

Sikukumbuka. Kisha nikakumbuka.

“Niliipeleka kwa Deogratias. Nikamwambia akae nayo. Mpaka leo iko kwake, na hajaniuliza ni ya nini.”

Ilikuwa saa sita mchana, Ramadhani, jua wima. Nikamwomba maji. Akaniletea kikombe kikubwa, nikatoa kidonge mfukoni, nikakimeza barazani, mahali ambapo kila apitaye njia huona. Alipita Mashimba, akisukuma baiskeli yenye kichwa cha ng’ombe.

“Kaka!” akasema, akasimama. “Mchana?”

“Mchana. Njoo nikusomeshe hukumu ya mgonjwa.”

“Naijua. Wewe ndiye uliyenifundisha.”

“Basi mimi ndiye niliyekuwa siijui.”

Ijumaa iliyofuata niliwaeleza waumini yote, tangu Nkoma hadi mkokoteni. Niliwaambia kwamba nina ugonjwa, kwamba nina dawa, kwamba dawa inanikausha na kunitetemesha na huenda siku moja ikaziumiza figo zangu, na kwamba nimeyapima hayo nikaona bado yanazidiwa na yale yanayonipata bila ya dawa. Nilitarajia mshtuko. Mzee mmoja wa safu ya mbele akashusha pumzi, akasema, “Alhamdulillahi, kumbe si gongo.”

Kwa kuwa ugonjwa wangu si wa kungoja upone ndipo nilipe funga, ilinibidi nitoe fidia, kibaba cha chakula, yaani kama robo tatu ya kilo, kwa maskini kwa kila siku niliyokula. Mwezi ulikuwa wa siku ishirini na tisa, nami nilifunga tisa. Ningeweza kuupima mchele huo nyumbani, mlango umefungwa. Lakini kuna mizani niliyopaswa kuiomba radhi. Mihayo aliileta kutoka Nkoma, akaitundika usiku wa kuamkia Idi, uani kwa wazazi wa rafiki yake karibu na soko, tukatia mchele kidogokidogo, nikiutazama mshale. Siku ishirini, kilo kumi na tano. Watu walisimama kutazama, na wote walijua hesabu yake.

“Maalimu,” akasema Mihayo, “leo imepima sawa?”

“Imepima sawa. Hata siku ile ilipima sawa.”

“Nilijua, Baba. Nilikuwa nangoja wewe ujue.”

Siku ya ndoa, sheikh aliyetoka Maswa alikaa katikati, akauliza walii ni nani na hali yake ikoje, kama inavyompasa kuuliza. Kabla sijafungua mdomo, Mashimba akasema kwa sauti ya sokoni, “Ni kaka yangu, ana akili timamu, na vidonge vyake amemeza. Nimemwona.” Nyuma ya pazia nilisikia Kabula akijizuia kucheka.

Nikaushika mkono wa Mihayo. Mkono wangu ulitetemeka, wake ukatetemeka nao kwa kuchukuliwa, hata ikawa kama bwana harusi ndiye mwoga. Nilitamka maneno ya kuozesha, yote, kwa mpangilio wake, bila kuongeza ubeti. Mihayo akakubali. Sheikh alipoinua mikono kuomba dua, dawa ikakumbuka wajibu wake mwingine, nikalazimika kuinuka na kwenda nyuma ya nyumba kwa haraka. Nikiwa huko nilisikia wanawake wakisema, “Mzee ameenda kulia. Uchungu wa mwana.” Niliwaacha waamini hivyo.

Nilipotoka, Deogratias alikuwa amesimama kando ya ukuta na kikombe cha maji. Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, na pilau ya nyama ilikuwa inampita mbele ya pua bila yeye kuigusa.

“Wewe umemaliza kufunga, mimi ndiyo nimeanza,” akasema.

“Mgonjwa ana ruhusa.”

“Siumwi.”

“Basi vumilia.”

Nikanywa maji yote. Akakipokea kikombe, akakitikisa kumwaga tone la mwisho, akasita.

“Maalimu, Mama Kabula aliniachia kamba. Zamani kidogo. Sasa mambo yametulia, sijui niirudishe?”

Niliufikiria msimu wa pamba unaokuja, na miaka iliyo mbele yake, na mikono yangu.

“Kaa nayo,” nikamwambia.